Stima Inapotea

Mtu wa Nairobi akija kiwandani na tai, hakuna anayejali. Atakula chakula kwa meneja, atatembezwa kidogo, ataonja chai kwa kijiko na kurudi alikotoka. Huyu hakuja na tai. Alikuja na bisibisi ndefu. Aliweka ncha yake kwenye bomba, akaegemeza sikio kwenye mpini, akafumba macho na kutulia hivyo kwa muda, kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Kisha akahamia bomba lingine. Kufikia saa ya chai ya saa nne, wafanyakazi walikuwa wameshambandika jina la Daktari, na wote walikuwa wakimtazama kwa jicho la pembeni.

Jina lake halisi lilikuwa Injinia Atuti, Mkisii, kijana bado, mwenye tabia ya kucheka kabla hajamaliza kusema. Meneja Gibson alimtambulisha asubuhi mbele ya watu wa zamu, akasema, "Huyu amekuja kutusaidia kupunguza." Hapo simu ikalia ofisini, Gibson akaondoka mbio, na sentensi ikabaki inaning'inia. Kupunguza nini? Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, na miaka hiyo neno lile lilikuwa na maana moja tu. Mjomba wa Bethwel kule Fort Ternan alikuwa "amepunguzwa" mwaka uliotangulia, na sasa anauza miwa kando ya reli ile ile aliyoitumikia tangu ujana wake.

Bethwel alikuwa msimamizi wa draya, ule mtambo mkubwa unaokausha majani ya chai kwa joto baada ya kusagwa. Alikuwa mtu wa maneno machache na mashaka mengi. Ukimsalimia mara mbili kwa siku moja angejiuliza unataka nini. Mwenyewe aliita hiyo akili. Mkewe, Tecla, aliita ugonjwa.

Lakini safari hii mashaka yake yalikuwa na mzizi, na mzizi wenyewe ulipita chini ya ua wa miba ya kayaba nyuma ya nyumba yake.

Ulikuwa waya. Nyumba za wafanyakazi wa daraja lake hazikuwa na stima. Stima iliishia kwa makarani. Waya ule ulitoka kwenye feni moja ya ghorofa ya kunyaushia majani, ukashuka ukutani nyuma ya bomba la mvua, ukapita chini ya ua, na kuingia kwenye kibanda cha Tecla, ambako uliwasha balbu moja juu ya sanduku la vifaranga. Balbu yenyewe haikuwa ya kuona. Ilikuwa ya joto. Anayejua baridi ya nchi ile ya majani chai, ukungu unaoshuka alasiri na mvua ya mawe isiyo na adabu, anajua kwa nini kifaranga cha siku moja hakiwezi kuishi huko kwa maombi peke yake. Vifaranga wa kwanza wa Tecla walikufa wote. Hawa wa pili walikuwa wananenepa.

Aliyeuvuta waya alikuwa Mochama, fundi wa stima wa kiwanda. Hakuombwa. Alisikia tu habari ya wale wa kwanza waliokufa, akaja jioni moja na koili ya waya begani, na Bethwel hakumkataza. Baina ya hao wawili kulikuwa na jambo ambalo halikusemwa. Mwaka ule wa vurugu, nyumba za watu zilipochomwa kwa sababu ya lugha waliyozaliwa nayo, Nyambeki mke wa Mochama na watoto walilala ghalani kwa Bethwel, nyuma ya magunia ya mahindi, mpaka mambo yakapoa. Tangu hapo walikuwa na desturi yao. Kila asubuhi Mochama alimwamkia Bethwel kwa Kikipsigis, "Chamgei," na Bethwel alimjibu kwa Kikisii, "Bwakire." Kila mmoja aliiharibu lugha ya mwenzake apendavyo, na hawakusahihishana.

Kuhusu kugusa stima ya kiwanda, Gibson hakuwa na mchezo. Mlinzi mmoja alimwaga unga kwa kuchomeka pasi tu ili anyooshe shati la kwendea kanisani. Alifukuzwa siku hiyo hiyo, na nyumba akaiacha kabla ya jua kutua. Bethwel alikuwa na nyumba ya kampuni, mke, na binti yake Chepngetich aliyekuwa shule ya bweni. Kwa hiyo waya ule alikuwa akilala na kuamka nao.

Sasa, siku ya pili ya ugeni wa Daktari, Bethwel alikuwa kwenye draya, mashine za kusagia zinanguruma upande wa pili, akamwona Atuti na meneja wamesimama hatua chache tu kutoka kwake. Atuti alikuwa akipiga kelele sikioni mwa Gibson ili asikike, na maneno yalimfikia Bethwel yakiwa vipande vipande.

"...stima inapotea hapa. Usiku na mchana inapotea. Na najua inapita wapi, ni hapa nyuma tu."

Akanyoosha bisibisi kuelekea nyuma ya draya. Nyuma ya draya kulikuwa na ukuta. Nyuma ya ukuta kulikuwa na ua wa kayaba.

Bethwel alishika mpini wa lango la draya, akalifungua na kulifunga bila sababu, ili mikono iwe na kazi. Mtu huyu alijuaje? Bisibisi haiwezi kusikia waya kupitia ukutani. Lazima kuna mtu amemwambia. Na watu waliojua habari ya waya hawakuwa wengi.

Mchana huo huo akapata jibu alilolitaka, kwa sababu mtu mwenye mashaka hupata jibu popote anapotazama. Alikuwa akipita karibu na boila, kule kuni za mkaratusi zinakorundikwa, akamwona Mochama na Atuti wamechuchumaa pamoja chini ya mabomba. Walikuwa wakizungumza Kikisii, vichwa vimekaribiana. Atuti akacheka, Mochama akacheka pia, akaonyesha kwa kidole kuanzia boila, kupitia ukutani, mpaka upande wa draya. Walipomwona Bethwel wakanyamaza.

"Chamgei," akasema Mochama akiinuka.

Bethwel aliitikia kwa kichwa tu, akapita. Nyuma yake alisikia Atuti akiuliza jambo na Mochama akijibu kwa sauti ya chini. Kumbe ndivyo ilivyo, akajiambia. Damu imeita damu. Ghalani kwangu mke na watoto wake walilala, mahindi yangu walikula, leo amempata mtu wa kwao mwenye cheo na amenisahau. Na moyoni mwake, mahali asipopenda kupatazama, alisikia pia yale maneno ambayo watu wa sokoni walikuwa wakisema juu ya Wakisii mwaka ule, maneno aliyokuwa ameyafukuza mlangoni kwake kwa mkono wake mwenyewe. Safari hii hakuyafukuza.

Kabla ya zamu kuisha Atuti akamjia, bisibisi mkononi, tabasamu usoni.

"Mzee, hii kitu iko hapa nyuma yako, nani huifungua?"

"Sijui."

"Lakini iko upande wako."

"Vitu viko upande yangu ni mingi."

"Usiogope, mzee. Mimi natafuta tu mahali inapotelea. Fundi Mochama tayari amenionyesha njia yenye inapitia."

Alisema hivyo na kwenda zake, akipiga mluzi. Bethwel alibaki na masikio yanavuma. Amemwonyesha njia. Mtu amesema kwa kinywa chake mwenyewe, kweupe, bila kuulizwa.

Alifika nyumbani jua bado liko juu, akachukua panga ukutani.

"Zima hiyo taa," alimwambia Tecla.

"Nizime taa na baridi inakuja? Unataka vifaranga wafe?"

"Wafe. Kama si wao ni sisi. Mochama amesema."

Tecla aliweka chini sufuria aliyoishika. "Mochama gani?"

"Uko na Mochama ngapi?"

"Baba Chepngetich, Mochama hawezi. Nenda umwulize kwanza."

"Mwizi akiulizwa atasema ndiyo?"

"Lakini mwizi ni wewe," Tecla akasema, si kwa ubaya, bali kama mtu anayemkumbusha mwenzake siku ya wiki. "Hiyo stima ni sisi tunaiba. Yeye alitusaidia tu."

Bethwel alitoka, akaukata waya mahali ulipoingilia kibandani, na kile kipande cha ndani akakitupa chooni. Kilichobaki chini ya ua hakukigusa, maana miba ya kayaba ni mikali na mvua ilikuwa imeanza. Tecla aliwafunika vifaranga kwa gunia na sweta kuukuu ya Chepngetich. Mvua ile ilileta mawe. Kulipokucha, wengi wa vifaranga walikuwa wamekauka kama vijiti, wamebanana kwenye kona moja walikokuwa wakitafutiana joto. Tecla aliwakusanya kwenye karai, akawabeba akapita nao mbele ya mumewe.

Hasira aliyopaswa kujielekezea mwenyewe, Bethwel aliipeleka kwa Mochama. Ndivyo ilivyo rahisi. Akajiambia kwamba akikaa kimya, Mochama atamtaja, na mtu anayetajwa kwanza ndiye anayefukuzwa. Basi afadhali atangulie yeye. Akaenda ofisini kwa meneja kabla ya kuvaa koti la kazi.

"Kuna waya," alisema, akiwa bado mlangoni. "Inatoka kwa feni ya juu, ya kunyausha. Ni Mochama aliweka. Mimi nimeona na macho yangu."

Gibson aliacha kukoroga chai yake. "Waya gani?"

Alikuwa na uso wa mtu aliyeshangaa kweli. Bethwel aliuona mshangao ule, akauita uigizaji. Meneja anajifanya hajui, anampima.

"Ya kuiba stima," Bethwel akasema. "Hiyo yenye Injinia anatafuta."

Gibson alimtazama kwa muda, kama anayetaka kuuliza jambo jingine, kisha akaacha. "Mochama," akasema polepole. "Na vile nilikuwa namwamini. Hawa watu ni kuchunga tu. Asante, Bethwel. Umefanya vizuri."

Kwenye lile "hawa watu", yaani Wakisii, palikuwa na nafasi ya Bethwel kusema kitu. Nafasi ilikuwa pana. Alisema, "Haya, bwana meneja," akatoka.

Mochama aliitwa kabla ya saa sita. Bethwel, akiwa kwenye draya, alimwona akipita kuelekea ofisini na mkanda wake wa vifaa kiunoni, na baadaye akamwona akirudi bila mkanda.

Alasiri Gibson aliamuru mashine zote zizimwe na watu wakusanyike kwenye draya, Daktari ana la kusema. Kimya cha kiwanda kilichozimwa ni kizito, hasa kwa mtu aliyezoea kelele. Bethwel alisimama nyuma, mgongo ukutani. Alikuwa amejiandaa kusikia habari ya waya, na alikuwa amekwisha kujifunza sura atakayoivaa.

"Wenzangu," Atuti alianza, na safari hii kila neno lilisikika, "toka nije nimekuwa nikisema kitu moja. Stimu inapotea."

Akaendelea, lakini Bethwel alikuwa amekwama hapo hapo. Stimu. Si stima. Stimu, ule mvuke wa boila, unaochemshwa kwa kuni na kusukumwa kwenye mabomba mpaka kwenye draya ili majani yakauke. Neno alilolitamka yeye mwenyewe kila siku ya kazi yake. Kiwanda kizima kilikuwa kikisema stimu na stima kutwa nzima, na hakuna aliyewahi kuzichanganya. Lakini masikio ya Bethwel yalikuwa na waya ndani yake.

"Tunachoma kuni mingi sana, na joto haifiki kwa majani," Atuti alikuwa akisema. Aliwaonyesha bomba dogo nyuma ya draya lenye koki nyekundu. Koki ile ilikuwa njia ya mkato. Ilifaa kufunguliwa kidogo tu asubuhi, mtambo ukiwa baridi, kisha ifungwe. Ikiachwa wazi, mvuke unapita mbio na kutoka nje ukiwa bado na joto lake lote. Aliyeiacha wazi miaka yote hiyo alikuwa Bethwel, kwa sababu aliyemfundisha kazi naye aliiacha wazi, na draya ilipata moto upesi, na hakuna aliyeuliza.

Atuti akaifunga. Ile sauti ya kufoka nje ya ukuta, ambayo watu walikuwa wameizoea hata hawaisikii tena, ikakatika.

"Na sisi tulifikiri unatafuta mwizi," akasema Celine, mama mmoja wa kuchambua majani ambaye hakuwa na breki mdomoni. Watu wakacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mwizi ni hii koki," Atuti akajibu. "Hakuna mtu atafukuzwa kwa sababu ya koki. Kazi ya kufunga mabomba blanketi ya kushika joto iko, na itataka watu zaidi, si wachache. Na ningependa kushukuru Fundi Mochama. Michoro ya zamani ilipotea, ni yeye alinionyesha njia ya mabomba yote." Akatazama huku na huku. "Yuko wapi?"

Gibson alikohoa. "Mochama ana mambo mengine," akasema, na kuamuru mashine ziwashwe.

Bethwel alimfuata meneja mpaka kwenye ngazi.

"Mochama alisema nini?"

"Alikubali. Hata hakubisha. Alisema waya ni yake, alikuwa anachajia betri ya redio. Tulienda tukaona. Imekatwa, inaishia kwa ua, haiendi mahali." Gibson akatikisa kichwa. "Kesho asubuhi atatoka na lori la kuni. Kama si wewe, nisingejua kabisa."

Jioni hiyo, ukungu ukiwa umeshafunika safu za majani chai, Bethwel na Tecla walisikia hodi. Alikuwa Mochama. Mkono mmoja alishika taa ya kandili, na mwingine debe lililotobolewa matundu.

"Habari ya jioni, Bethwel," akasema.

Kwa Kiswahili. Bethwel alifungua kinywa kumjibu kwa Kikisii, neno likakataa kutoka.

"Nyambeki amesema hatutabeba hii," Mochama akaendelea, akimkabidhi Tecla ile taa na debe. "Iweke chini ya debe, katikati ya sanduku. Itatoa joto kidogo. Niliona waya imekatwa, nikajua wako na baridi."

"Wamebaki wachache," Tecla akasema. Akaingia kibandani na taa, wala hakutoka.

Wanaume wawili walibaki uani. Bethwel alitaka kumkaribisha ndani, akaona aibu ya kumkaribisha mtu mahali ambapo familia yake iliwahi kuokolewa, kisha ikauzwa.

"Mtaenda wapi?" akauliza.

"Nyumbani, Nyamira. Nyambeki hapendi hiyo barabara toka ule mwaka. Lakini tutafika." Mochama alitazama ua wa kayaba. "Nimekaa nikifikiria ni nani alisema. Hiyo waya tulikuwa tunajua mimi na wewe."

"Na Tecla."

"Na Tecla." Akageukia kibanda, ambako mwanga mdogo ulikuwa umeanza kuonekana kwenye nyufa, na kilio kilichozibwa kwa leso kikisikika. "Tecla hakusema."

Hakumtukana, hakumuuliza, hakungoja ajibu. Aliaga kwa kichwa, vile vile Bethwel alivyomwitikia kule kwenye boila, akaingia kwenye ukungu.

Asubuhi lori la kuni lilikuwa mbele ya ofisi, injini inanguruma, kitanda na masufuria ya Nyambeki juu yake, na Nyambeki mwenyewe ameketi mbele na mtoto mapajani. Mochama alikuwa akifunga kamba. Bethwel alipita karibu naye bila kusimama, maana alijua akisimama hataendelea, akaingia moja kwa moja kwa meneja. Aliweka ufunguo wa nyumba yake juu ya meza.

"Ni nini tena?" Gibson akauliza. Akasema jambo juu ya koki, kwamba kama ni habari ya stimu, amwone Atuti. Lakini kelele za lori zilikuwa zimejaa chumbani, na nusu ya maneno ilipotea.

"Bwana meneja, kwanza mwambie dereva azime gari," Bethwel akasema.

"Kwa nini?"

"Nataka usikie vizuri."

Gibson alimtazama, akautazama ufunguo, akaenda dirishani na kupunga mkono. Injini ikakohoa na kunyamaza. Nje, Mochama aliacha kamba na kugeuka.

"Sikuja kwa ajili ya stimu," Bethwel alisema, kwa sauti ya kufika mpaka kwenye lori. "Ni stima. Ile ya waya. Ilikuwa inakuja kwangu."